Gunia Linalopumua

Kijana wa Kashikishi, wewe unayepakia chisense, wale samaki wadogo, alfajiri na kuvuka ziwa kwenda Kilwa na Pweto, leo nina neno nawe. Siku moja utaletewa gunia linalopumua. Ndani yake yumo mtoto wa sokwe, au kakakuona aliyejiviringa kama mpira, na mwenye gunia atakubembeleza: "Ndugu yangu, mchukue wewe, kwingine watamchinja." Huruma itakushika. Usinunue! Pesa yako ndiyo nauli ya kumrudisha mtu huyo msituni kutafuta mwingine, na mtoto wa sokwe hapatikani mpaka mama yake auawe.

Oktoba 1983, askari wa wanyamapori alimpeleka mtoto wa namna hiyo kwenye ranchi ya David na Sheila Siddle, Chimfunshi, upande wa Chingola. Alikuwa amekamatwa mikononi mwa watu wa magendo waliotoka Zaire. Uso umekatwa, meno yamevunjwa, anaharisha, amebaki mifupa. Akina Siddle walikuwa wafugaji wa ng'ombe tu, mambo ya sokwe hawayajui. Wakamuuguza, wakamwita Pal, akapona. Habari zikaenea, wengine wakaletwa, na leo Chimfunshi ina sokwe zaidi ya 100.

Mimi lakini humkumbuka zaidi yule askari. Angeweza kupokea kitu kidogo akatazama pembeni, na Chimfunshi ingebaki zizi la ng'ombe.

Utaniambia maisha magumu, petroli ya injini imepanda. Najua. Ila kila Desemba ziwa letu hufungwa hadi mwisho wa Februari, nyavu zinaanikwa, tunakula kisamvu siku nenda rudi, tukijua samaki anazaliana. (Wapo wanaoiba usiku, tunawajua kwa majina.) Mkono ulioweza kumwacha samaki miezi mitatu unashindwaje kukataa gunia moja?

Likija, usilipakie. Usigombane na mwenye gunia. Shika sura yake, shika rangi ya boti, wapigie watu wa wanyamapori. Ukiachiwa mnyama, mweke kivulini, mbali na watoto na kelele, na usimbebe kifuani kama mwanao: mafua yako yanaweza kumuua sokwe. Ugali usimpe. Kakakuona hali kitu ila mchwa na sisimizi, kwa hiyo kila saa anayokaa guniani ni saa ya njaa. Piga simu sasa, kabla injini haijawaka.