Atabiriye Mvua Isinyeshe, Je, Amesema Uongo?

Wazee wetu walisema, Dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua. Walijua vema ya kuwa wingu huweza kutanda tangu asubuhi hata jioni, kisha likaenda zake, wala hakuna aliyeliita wingu hilo mwongo.

Siku hizi katika vijiji vyetu wako watu wapendao sana kufuata habari za majira. Husikiliza redio, husoma katika simu zao maneno ya wataalamu wa hali ya hewa, huandika siku ya kwanza ya vuli na siku ya mwisho ya masika, na wengine wamesimamisha kipima mvua uani. Watu hawa wakituambia kwamba vuli itakuwa kubwa, nayo isiwe kubwa, twawacheka, tena twawaita waongo. Yafaa tujiulize, wasomaji wapenzi, kama kuwaita hivyo ni haki.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Katika lugha yetu twasema nabii hutabiri, na mtaalamu wa hewa naye hutabiri. Neno ni moja, lakini kazi ni mbili. Nabii husema kwa kuwa ametumwa. Na katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 18, twafundishwa jinsi ya kumjua nabii wa uongo: neno alilolinena kwa jina la Bwana lisipotukia, hakutumwa. Sheria hiyo ni ya haki, maana asemaye kwamba ametumwa na Mungu hana ruhusa ya kusema “labda”. Mtaalamu wa mvua hasemi kwamba ametumwa. Yeye husema: Nimepima, na kwa haya niliyoyaona nadhani hivi. Kumhukumu kwa sheria ya manabii ni kumpa cheo asichokiomba, kisha kumwadhibu kwa ajili ya cheo hicho.

Basi, yeye hupima nini? Vuli yetu, yaani mvua za Oktoba hata Desemba, imefungamana sana na joto la bahari mbili. Maji ya Pasifiki, katikati na upande wa mashariki, yakipata joto kupita desturi, hali hiyo huitwa El Niño. Na maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu wa Afrika yakipata joto kupita kiasi chake, huku yale ya upande wa Indonesia yakipoa, hewa yenye unyevu huzidi kupanda huku kwetu, na mvua huongezeka. Mwaka 1997 mambo hayo mawili yalikutana. Mvua zikaendelea hata mwanzo wa 1998, madaraja yakachukuliwa na maji, na barabara zikakatika katika Kenya na Tanzania. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Niño yenye nguvu, lakini Bahari ya Hindi ilitosha kuleta mafuriko. Bahari hupata joto polepole, tena hupoa polepole. Kwa hiyo aitazamaye mwezi wa Agosti aweza kusema neno juu ya Novemba. Masika sivyo. Mvua za Machi hata Mei hazifuati bahari hizo kwa karibu namna ile, na kuzitabiri ni kazi ngumu zaidi. Mtu mwaminifu hataisemea masika kwa uthabiti ule ule anaoisemea vuli.

Tena tuangalie jinsi asemavyo. Huchukua mvua za miaka mingi, tuseme 30, akaipanga miaka hiyo toka wenye mvua haba hata wenye mvua nyingi, akaigawanya mafungu matatu ya miaka kumi kumi: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Asiyejua lolote juu ya mwaka ujao atasema kwamba kila fungu lina nafasi sawa, yaani kama 33 katika 100. Aliyepima aweza kusema: mvua kubwa ina nafasi 50, ya wastani 30, na haba 20. Sisi twasikia kwamba mvua kubwa itakuja. Hakusema hivyo. Amesema kwamba, tukipata miaka kumi iliyo kama huu, mitano hivi itakuwa ya mvua kubwa, mitatu ya wastani, na miwili ya mvua haba. Mvua ikikosa mwaka mmoja, neno lake halikuvunjika. Na nitasema neno litakaloonekana la ajabu: kama kila asemapo 50 mvua kubwa huja pasipo kukosa hata mara moja, basi kipimo chake kina kasoro, maana ilimpasa kusema zaidi ya 50.

Hapo mtu aweza kunijibu: Mwalimu, ukisema hivyo mtu huyu hatakamatwa kamwe, atajificha nyuma ya “labda” yake siku zote. Jibu hilo lina nguvu, wala halifai kupuuzwa. Lakini njia ya kumkamata ipo, nayo ni kalamu. Aandike hesabu yake kabla ya mvua, na baada ya miaka mingi tuhesabu pamoja mara ngapi alizosema 50 na mara ngapi ilikuwa hivyo. Aliyeandika na kukubali kuhesabiwa hakujificha. Anayejificha ni yule asemaye “labda” pasipo kipimo, hata ijapo mvua au lisipokuja tone yeye husema, Niliwaambia.

Uongo basi huingia wapi? Nadhani mara nyingi huingia njiani. Neno huondoka kwa mtaalamu likiwa na shaka yake. Mpashaji wa kwanza huipunguza, wa pili huikata, na likifika barazani limekuwa hakika. Mwaka 2015 watu wengi wa Afrika ya Mashariki waliingojea El Niño kama kwamba 1997 inarudi. Mvua zilinyesha, lakini hazikufikia zile, na watu wakawadhihaki wataalamu. Mwaka 2023 wataalamu walisema kwamba yaelekea vuli itazidi wastani. Mwezi wa Oktoba ikaenea habari katika Kenya kwamba El Niño haiji tena, na wenye kuamini wakapumua. Novemba mafuriko yakaja, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa katika nchi hiyo.

Mkumbukeni mtumishi wa Eliya katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 18. Bwana wake alimpeleka atazame upande wa bahari. Mara sita alirudi akasema hakuna kitu, ingawa nchi ilikuwa ikifa kwa kiu na kila mtu alitamani kusikia neno jingine. Mara ya saba aliona kiwingu kidogo kama mkono wa mtu, akakisema kwa ukubwa wake ule ule. Hakukikuza ili ampendeze nabii, wala hakukidharau kwa kuwa ni kidogo. Na Eliya, ambaye alikuwa ameomba, ndiye aliyemtuma mtu kutazama. Basi wale wasemao kwamba kuuliza habari za mvua ni upungufu wa imani, na wajibu: kwa nini mwombaji yule alitaka macho ya mtumishi?

Jambo hili si la mchezo, kwa maana hasara haigawanywi sawa. Tajiri mwenye mashamba matatu akidanganyika kwa habari iliyokatwa shaka, hupunguziwa faida. Mjane mwenye debe moja la mbegu akiambiwa “mvua ni hakika”, akapanda mahindi yote kwa siku moja, nayo yakakauka, watoto wake hulala njaa. Aliyemletea habari ile hakupoteza kitu. Ameicheza bahati kwa ghala ya mtu mwingine, na hiyo ndiyo dhambi ninayoiona, hata kama yeye mwenyewe aliamini alichokisema.

Kwa hiyo, ndugu mwenye kipima mvua na redio, kazi yako ni njema, usiiache. Ila chukua neno zima: sema nafasi ya mvua kubwa, sema na nafasi ya ukame, na habari ikibadilika, rudi barazani ukaseme kwamba imebadilika, hata kama watakucheka. Kumbuka pia kwamba utabiri wa mkoa haujui kilima chako. Upande wa kusini wa Kilimanjaro hupata mvua kupita upande wa kaskazini, na mlima ni ule ule mmoja.

Nawe msikilizaji, usimfanye jirani yako nabii kisha ukamtupia mawe. Mhubiri alikwisha kutuonya kwamba mwenye kuuangalia upepo siku zote hatapanda. Panda, lakini usipande kama mtu aliyeapiwa. Gawanya mbegu zako. Weka mahindi, na kando yake mtama na mihogo vinavyovumilia jua. Zibua mifereji kabla ya mvua, na kama una jirani mjane, msaidie kuzibua wake, maana maji yakija hayataulizia nani alisikia redio.