Tafakari ya Juma: Jiwe Liliondolewa na Majirani

Somo: Yohana 11:17-44



Yesu alifika Bethania Lazaro akiwa na siku nne kaburini. Marta alimlaki kwa lawama: angalifika mapema, kaka yake asingalikufa. Mariamu alianguka miguuni pake akilia. Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Alijua anakwenda kumfufua rafiki yake, na bado alilia. Basi anayemwambia mfiwa kwamba kulia ni kukosa imani, anamdai asichodaiwa na Bwana.

Barabara yetu hapa Niania imejaa wafiwa. Ukielekea Bunia, ukishapita Epulu na Mambasa, unafika Komanda. Huko, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliua watu zaidi ya 40, wakiwemo waumini waliokesha wakisali parokiani. Parokia ile ina jina la Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa tarehe 1 Desemba 1964 huko Isiro, mji ambao njia yake inachepukia hapa hapa kwetu. Watu wake walimlilia zaidi ya miaka 20 ndipo wakamwona akitangazwa mwenyeheri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Tumaini lina mwendo wake, mfiwa asiharakishwe.

Kukaa kilioni tunajua. Akina mama wa shirika huleta kuni, unga na sombe. Vijana hukesha kwenye moto. Kisha mikeka hukunjwa, kila mtu hurudi shambani kwake. Jioni mjane anasonga fufu, anatenga sahani ya marehemu kwa mazoea, anakumbuka, anairudisha mahali pake. Saa hiyo sala humkwama kooni. Asijilaumu. Ashindwapo kusali, sisi tumsalie.

Tazameni alivyofanya Yesu. Kumwita Lazaro kutoka kaburini ilikuwa kazi yake peke yake. Lakini jiwe aliagiza waliokuwepo waliondoe, na sanda wao ndio waliotakiwa kuifungua. Ufufuko ni wa Mungu. Mawe ya kila siku ametuachia sisi.

Juma hili, nenda kwenye nyumba iliyofiwa zamani kidogo, ambako wageni wamekwisha kukoma. Kaa. Mtaje marehemu kwa jina lake. Chota maji, salini pamoja. Nawe uliyefiwa, hodi ikipigwa, usijifungie: mpokee ndugu yako.

Mungu Mfariji awe nanyi nyote.