Simba Hakusafiri

Andiko: Luka 12:6-7, Yohana 11:11-36

Jumapili iliyopita nilianza mahubiri kwa kutubu. Baada ya ibada wengi mlinishika mkono mkaniambia, "Pasta, hata kwangu ilitokea hivyo hivyo." Ndiyo sababu nimeyaweka kwenye karatasi, mkasome nyumbani na watoto wenu.

Wengi wenu mlimjua Simba, yule mbwa wetu wa rangi ya udongo, sikio moja limelala. Nilimchukua kwa jirani akiwa mdogo, nikatoa shilingi 300. Mimi nilitaka mlinzi wa boma. Binti yangu wa miaka mitano alipata rafiki. Kila asubuhi Simba alimsindikiza hadi geti la shule, na jioni walikula pamoja, tonge kwake, tonge kwa Simba.

Sasa mnajua msimu wa kuvuna mahindi hapa Ndalu, malori hayalali. Jumanne moja asubuhi lori lilimgonga Simba, akafa papo hapo. Mtoto alikuwa shuleni. Nikachukua jembe haraka, nikamzika nyuma ya migomba. Jioni mtoto akaja akiita, "Simba! Simba!" Nikamwambia, "Simba amesafiri. Ameenda Kitale."

"Atarudi lini?"

"Kesho kutwa."

Wapendwa, huyo alikuwa mtumishi wa Mungu akisema.

Kila usiku mtoto aliacha ugali kwenye sahani ya Simba. Asubuhi akikuta kuku wameumaliza, anafurahi, anasema Simba alikuja usiku akarudi Kitale. Ijumaa nilikuwa na shughuli za kanisa mjini Kitale. Nikishika mlango, mtoto akanikamata suruali akilia: "Baba usiende! Simba alienda hajarudi!" Mama yake alinitazama tu. Walio kwenye ndoa mnayajua hayo macho. Hata hivyo sikusema ukweli. Nilipanda matatu nikaenda.

Niliporudi, mtoto wa jirani alikuwa ameshamwonyesha pale udongo ulipochimbwa. Binti yangu hakulia. Aliniuliza swali moja: "Baba, ulisema Yesu alikufa akarudi. Hiyo pia ni kama ya Kitale?"

Sikulala usiku ule. Nilisomea biashara, na najua mtaji wa kwanza wa biashara yoyote ni kuaminiwa. Duka likipoteza uaminifu, hata bidhaa nzuri hainunuliwi. Mimi nilikuwa nimeutumia uaminifu wa mtoto wangu kununua jioni moja ya utulivu, na aliyekaribia kulipa deni hilo ni Injili yenyewe.

Kwa hiyo nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, sema ukweli kwa maneno mafupi. Mwaka 1948 mtafiti mmoja, Maria Nagy, alichapisha utafiti aliofanya na watoto wa Hungaria. Wale wa chini ya miaka mitano waliona kifo kama safari au usingizi, kwamba aliyekufa anaweza kurudi. Sasa angalia maneno yetu: "amesafiri", "amelala", "ametuacha kidogo". Mtu mzima anajua ni lugha ya heshima. Mtoto anaisikia neno kwa neno. Ukimwambia amelala, ataogopa kitanda chake. Ukimwambia Mungu alimtaka, ataogopa kuomba, asije akatakwa na yeye.

Hata wanafunzi wa Yesu, watu wazima na ndevu zao, hawakuelewa. Yesu alipowaambia Lazaro amelala, walifikiri ni usingizi wa kawaida, mgonjwa anapata nafuu. Yohana 11:14 inasema ndipo akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Kama mitume walihitaji kuambiwa waziwazi, je, mtoto wa PP2? Mwambie: "Simba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hasikii uchungu. Hatarudi. Si makosa yako." Halafu nyamaza, umsikilize.

Pili, usimkataze kulia. Sisi tuna neno letu: "Ni mbwa tu." Kwenye daftari langu Simba alikuwa shilingi 300, na mali ikiharibika unaifuta, unaendelea. Lakini Mungu ana daftari lingine. Katika Mathayo 10 shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja. Katika Luka 12 ukitoa sarafu mbili unapewa watano. Piga hesabu: sarafu mbili zingekupa wanne. Huyo wa tano ni nyongeza tu, kama mama mboga anavyokurushia nyanya moja juu. Hana bei kabisa, na Yesu anasema hata huyo Mungu hamsahau. Haleluya!

Nabii Nathani naye alipotaka kumfikia Daudi moyoni, alimsimulia maskini aliyemlea mwanakondoo mmoja kama binti yake. Mfalme hakucheka. Aliwaka hasira. Na hapa kwetu Kenya, kifaru Sudan alipokufa kule Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018, akiwa na miaka 45, dunia nzima ilihuzunika, na hakuna aliyewaambia waliomtunza, "Ni kifaru tu." Kwa nini tumwambie mtoto hivyo? Yesu alimlilia Lazaro huku akijua atamfufua. Imani haikaushi machozi kwa nguvu.

Tatu, mpe nafasi ya kuaga. Msibani sisi huwafukuza watoto: "Nendeni mkacheze huko!" Jumamosi ile nilimshika binti yangu mkono tukaenda nyuma ya migomba. Nilipiga magoti nikamwambia, "Baba alidanganya. Nisamehe." Hapo ndipo alipolia, akalia sana, nami nikalia. Akaweka jiwe, akamshukuru Mungu kwa Simba. Akauliza kama Simba yuko mbinguni. Sikutaka Kitale nyingine. Nilimwambia Biblia haijasema hilo wazi, lakini imesema Mungu hasahau hata shomoro, na huyo Mungu tunamwamini. Aliridhika kuliko nilivyotarajia. Na usikimbilie kuleta mbwa mwingine kesho yake. Mtoto atadhani hata yeye akiondoka ataletwa mwingine.

Neno moja la usalama. Kama mnyama amekufa kwa ugonjwa usioujua, mtoto asimshike, na umwite daktari wa mifugo. Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara kinaua. Chanja mbwa wako kila mwaka. Mithali 12:10 inasema mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake.

Tukirudi nyumbani kutoka kaburini mtoto aliniuliza, "Baba, na wewe utakufa?" Nilitamani kusema hapana. Nikamwambia, "Ndiyo, siku moja. Natumaini utakuwa umeshakuwa mtu mzima. Leo niko hapa. Na Yesu ni wa kweli, hiyo si ya Kitale."

Siku hizi nikienda Kitale namwambia saa ya kurudi, na nikichelewa napiga simu. Bado ananingoja getini akiwa kimya. Deni la uaminifu halilipwi mara moja, nalilipa polepole.

Mzazi, wiki hii kuna uongo mdogo ulioacha kwa mtoto wako? Rudi ukaurekebishe.

Tuombe: Baba, tusamehe tulipowadanganya wadogo hawa. Tupe ujasiri wa kusema ukweli na upole wa kulia nao, ili tukiwaambia Yesu yu hai, watuamini. Katika jina la Yesu, Amina.