Kufuli Lisilouliza

Mjomba wangu alifundisha historia katika shule za sekondari mkoani Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Alistaafu na makabati mawili ya vitabu na presha ya macho. Makabati bado yapo. Macho yamebakiwa na mwanga kidogo wa pembeni. Siku hizi anasoma kwa masikio: simu yake ina programu inayotamka kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa Kiingereza cha kasi ambacho mimi sishiki hata neno, naye ametulia, anacheka mahali pa kucheka.

Mwaka juzi alitaka kitabu kimoja kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi. Cha karatasi kisingemfaa, nikamnunulia cha kielektroniki katika duka moja la mtandaoni, kwa bei ambayo sikumtajia. Kikafunguka vizuri. Herufi zinaonekana, ramani zinaonekana. Ile sauti ikataja jina la kitabu, kisha ikanyamaza. Nilipekua maelezo yake hadi nikaukuta mstari mdogo: kunakili, hairuhusiwi, kuchapa, hairuhusiwi, kusomwa kwa sauti, hairuhusiwi.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, "si tumelipa?"

Tulikuwa tumelipa. Na programu za kuvunja kufuli kama lile zipo, hazihitaji ufundi mkubwa. Swali lililonikaa tangu siku ile ni hili: kama ningelivunja, ningekuwa nimeiba nini, na kwa nani?

Sheria ya hakimiliki haikuwahi kumpa mwandishi kila kitu. Marekani wana kanuni ya matumizi ya haki, iliyoingizwa katika sheria yao ya mwaka 1976, inayomtaka hakimu apime mambo manne: nia ya mtumiaji, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari yake katika soko. Kenya inataja utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na utoaji wa habari. Maneno yanatofautiana lakini wazo ni moja, kwamba mwalimu anayenakili ukurasa kwa ajili ya darasa si sawa na mfanyabiashara anayechapa kitabu kizima na kukiuza. Kuwatofautisha kunahitaji mtu wa kuuliza: ulitaka nini? ulichukua kiasi gani? nani ameumia?

Kufuli la kidijitali haliulizi. Linamwona mjomba wangu na mwizi wa vitabu kama mtu mmoja.

Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria iliyofanya kuvunja kufuli lenyewe kuwa kosa. Mwaka 2001, katika kesi ya programu iliyofungua filamu za DVD, mahakama ya rufaa ya New York iliambiwa kwamba sheria hiyo inaua matumizi ya haki. Ikajibu kwamba hakuna aliyeahidiwa kunakili kwa njia anayoipenda. Anayetaka kipande cha filamu anaweza kuelekeza kamera kwenye skrini wakati filamu inaonyeshwa. Nilipoisoma hoja hiyo nilicheka. Nitaieleza baadaye kwa nini sicheki tena.

Ni kweli kwamba kila baada ya miaka mitatu Wamarekani hupitia orodha ya wanaosamehewa, na vitabu vya kielektroniki kwa wasioona vimeingizwa humo mara kadhaa. Lakini msamaha huo unahusu tendo la kuvunja tu. Kutengeneza na kuuza zana za kuvunjia kumebaki marufuku. Mtu anaruhusiwa kuchimba kisima chake, majembe hayaruhusiwi dukani.

Kuna kisa kingine ambacho huwa nawasimulia watu na hawaniamini. Karibu na mwaka 2000, toleo la kielektroniki la *Alice* ya Lewis Carroll, kitabu cha mwaka 1865 ambacho Waswahili walikipata mwaka 1940 kama *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, lilikuja na masharti yaliyosema kwamba kitabu hicho hakiwezi kusomwa kwa sauti. Hakimiliki yake ilishakwisha zamani. Kampuni ya Adobe ikaeleza kwamba waliokusudiwa si wazazi wanaowasomea watoto, bali kitufe cha sauti cha kompyuta. Sawa. Ila kwa mjomba wangu kitufe hicho ndicho macho.

Sisemi haya nikiwa upande mmoja tu. Niliwahi kutoa mkusanyiko mdogo wa hadithi, nakala mia tano kwa fedha yangu. Kabla sijauza hata mia, rafiki alinitumia faili lake zima kutoka kundi la WhatsApp, na kando yake emoji ya pongezi. Nilikaa kitandani nikilitazama. Siku hiyo mtu angeniuzia kufuli la chuma cha pua ningelinunua. Kwa hiyo namwelewa mchapishaji anayefunga mlango. Ninachokataa ni kwamba mlango huo ufungwe na kitu ambacho hakuna wa kukibembeleza, kukikatia rufaa wala kukiuliza. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya na Tanzania zimejiunga nao, unazitaka nchi zihakikishe kwamba ulinzi wa kiteknolojia hauwazuii wasioona kufaidi haki walizopewa na mkataba huo. Ni sharti zuri. Kitabu tulichonunua hakijalisikia.

Nilimwambia mjomba kwamba naweza kukifungua, kazi ya dakika tano.

"Kwa kuvunja?"

"Kwa kuvunja."

Akanyamaza. Huyu ni mtu aliyekusanya vikaratasi vya wanafunzi wadanganyifu kwa miaka thelathini. "Basi acha," akasema. "Kitabu nilichokilipia siwezi kukiingilia dirishani."

Nilijaribu kumweleza kuhusu wale mahakimu, mkataba, nia na kiasi. Alisikiliza kwa adabu. Nadhani alikuwa amekosea, maana sioni tulichokuwa tunamnyima mwandishi. Lakini pia niliona kile kufuli lilichofanya: lilimfanya mnunuzi ajisikie mwizi, akajiondoa mwenyewe.

Kwa hiyo namsomea. Kila Jumapili baada ya chakula nashika simu moja yenye kitabu na nyingine ya kurekodi, naye anasikiliza tena katikati ya wiki. Ndiyo ile kamera iliyoelekezwa kwenye skrini, ndiyo maana sicheki. Zamani alisoma peke yake usiku, mpaka saa aliyotaka. Sasa ananisubiri mimi, na nikisafiri kitabu nacho kinasafiri.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimechoka, nikaruka tanbihi mbili ndefu za bei ya pembe za ndovu. Akainua mkono.

"Mjomba, umeruka."

"Tanbihi tu, mjomba."

"Rudi."