Machozi ya Agostino kwa Mama Yake

Je, ni kosa Mkristu kumlilia mama yake? Swali hili huingia kijijini pamoja na kilio. Mkatekumeni amefundishwa kwamba wafu watafufuka. Basi akilia, huambiwa kwamba imani yake ni haba. Asipolia, ndugu zake hunong'ona kwamba moyo wake ni jiwe, au labda ndiye aliyemroga marehemu.

Taabu hiyo ilimpata Mwafrika mmoja, Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, nchi iitwayo leo Algeria. Alipokuwa kijana aliiacha njia ya Kanisa, na mama yake Monika alimlilia mbele ya Mungu miaka mingi. Mwaka 383, huko Kartago, alimdanganya: alisingizia kwamba anakaa na rafiki bandarini, kumbe usiku alipanda merikebu kwenda Roma, akamwacha mama akisali. Wapo wana wengi walioondoka nyumbani namna hiyo. Monika hakususa, alivuka bahari akamfuata.

Mjini Milano alikutana na jambo jipya. Kwao alizoea kupeleka uji, mkate na divai makaburini mwa mashahidi. Bawabu akamzuia, kwa kuwa Askofu Ambrosi alikataza desturi hiyo, iliyofanana mno na matambiko ya wapagani kwa wafu wao. Mama huyu alitii bila kunung'unika. Tangu hapo alikwenda makaburini na sala, na chakula akawapa maskini.

Katika Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi alimbatiza Agostino. Sasa Monika alikuwa kwake mama na rafiki pia. Huko Ostia, walipongoja merikebu ya kurudi Afrika, walisimama wawili dirishani wakizungumza habari za uzima wa milele. Siku chache baadaye homa ilimshika Monika, na siku ya tisa akafa, mwenye miaka 56. Zamani alikuwa ametengeneza kaburi lake kando ya mumewe Patrisio. Lakini mwana wake mwingine alipotamani mama afie kwao, alimtazama kwa kumlaumu: wauzike mwili popote, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Neno hilo si dogo. Nani hajaona ukoo ukigombana juu ya maiti, huku hakuna hata mmoja anayemwombea marehemu?

Agostino alimfumba mama yake macho. Mtoto wake Adeodato alipolia kwa sauti, wakubwa walimnyamazisha, na Evodio akaimba Zaburi. Agostino alijikaza hata kaburini, akiona haya kwa uchungu wake. Alikwenda kuoga, maana alisikia kwamba maji huondoa huzuni, hayakuiondoa. Akalala usingizi. Alipoamka, akiwa peke yake mbele ya Mungu, aliyaacha machozi yatoke. Baadaye aliandika kwamba anayeona dhambi katika machozi hayo asimcheke, bali alie mbele ya Mungu kwa ajili ya dhambi zake yeye Agostino.

Naye Bwana wetu Yezu Kristu alilia kwa ajili ya Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua. Anayelia hakani ufufuko; analia kwa sababu amepokonywa mtu mpenzi. Lakini anayeanza kutafuta mchawi katikati ya kilio amekwisha kumsahau mama. Anakumbuka chuki yake tu.

Ilipopita miaka kama kumi, Agostino, sasa askofu wa Hipo, aliandika kitabu cha Maungamo. Humo alimsifu mama yake kwa mengi, wala hakusema kwamba hakuwa na dhambi. Alimwomba Mungu amsamehe, kisha akawasihi wote watakaosoma kitabu kile, hata wasiomjua, wamkumbuke altareni Monika pamoja na Patrisio, aliyekuwa mumewe.