Chombo na Sheria

Wahenga wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto huzisoma zote mbili katika kitabu kimoja, akazihifadhi, akapita mtihani wake, wala hakuna amwambiaye aifuate ipi siku zitakapogongana. Siku hiyo huja. Kwa nchi, huja kila mara kinapozaliwa chombo kipya ambacho sheria haijakijua. Je, chombo kitangulie na sheria ikifuate, au sheria itangulie na chombo kingoje?

Chombo cha zama zetu ni ndege ndogo isiyo na rubani ndani yake, ambayo wengi huiita droni. Nyuma yake yaja nyingine kubwa zaidi: ndege ya abiria wachache, iendeshwayo kwa umeme, ipaayo na kutua wima pasipo kuhitaji uwanja mrefu. Jambo hili si ngano. Mwaka 2022 Fahari Aviation, iliyo tawi la shirika la Kenya Airways, ilitia sahihi hati ya kusudio pamoja na kampuni ya Eve, iliyozaliwa na Embraer ya Brazili, kwa ajili ya ndege za namna hiyo zipatazo 40. Kusudio si ndege, na hati haibebi abiria. Lakini atangazaye kusudi lake huwapa wengine nafasi ya kufikiri. Basi na tufikiri.

Msomaji wa Thika au Ruiru hana haja ya kwenda mbali kukiona chombo kilichotangulia sheria. Asimame kando ya barabara kuu aitazame matatu. Jina lake husemwa kuwa limetokana na nauli yake ya kale, sarafu tatu za senti kumi. Magari hayo yalibeba watu kwa kujificha mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoamuru yaachwe yafanye kazi bila leseni iliyotakiwa kwa mabasi. Sheria ya kuyatambua ilikuja mwaka 1984. Mikanda ya viti na vidhibiti mwendo vililazimishwa mwaka 2004, kwa kanuni za Waziri John Michuki. Tangu ruhusa mpaka mkanda ni miaka 31.

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Matatu ilimfikisha mchuuzi sokoni, mgonjwa hospitalini na mwanafunzi shuleni. Lau serikali ingalingoja kanuni zote zikamilike, wengi wangalitembea kwa miguu. Lakini katika miaka hiyo 31 walikufa watu ambao ukanda wa kitambaa ungaliwaokoa. Hata barabara yenyewe ina somo lake. Ilipofunguliwa mwaka 2012, pana na nyoofu, watu wengi waligongwa wakiivuka, na madaraja mengine ya waendao kwa miguu yalijengwa baadaye, magari yakiwa yamekwisha kuuzoea mwendo. Aliyeichora barabara alimkumbuka vema aliye ndani ya gari. Aliye nje alikumbukwa nusu.

Sasa tuutazame upande wa pili. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni za kampuni ya Zipline kutoka Muhanga. Chombo hufyatuliwa kama jiwe la kombeo, hufika juu ya hospitali, hudondosha kifurushi chenye mwavuli, kisha hurudi kilikotoka. Mama atokwaye na damu baada ya kujifungua hana habari na siasa ya anga. Ahitajicho ni damu, tena upesi. Katika miaka hiyo, nchini Kenya, arukaye na droni bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wizara ya ulinzi alikuwa mkosaji. Kanuni zilitungwa mwaka 2017. Bunge likazitangua mwaka 2018. Nyingine zikatolewa mwaka 2020.

Hadhari ile haikuwa ya kipumbavu. Mwezi wa Mei mwaka 2014 mabomu yalilipuka ndani ya mabasi mawili katika barabara hii hii ya Thika. Serikali iliyoyaona hayo ina haki ya kuuliza ni nani arushaye nini juu ya vichwa vya watu. Lakini swali lenye haki laweza kukaa bila jibu mpaka likageuka kuwa dhuluma.

Nilipolitoa jambo hili mbele ya vijana ninaowafundisha kazi ya ualimu, waligawanyika pande mbili. Wengine walisema uhai ni bora kuliko faida, kwa hiyo chombo kingoje. Wengine walisema uhai ni bora kuliko karatasi, kwa hiyo chombo kiruke. Pande zote mbili zilisimama juu ya neno moja, uhai, na kila upande ulidhani neno hilo ni lake peke yake. Nadhani sababu ni hii: wafu wa haraka huonekana, na wafu wa kungoja hawaonekani. Aliyegongwa na gari ana picha gazetini na faili polisi. Aliyekufa kwa sababu damu ilichelewa huandikwa kuwa amekufa kwa maradhi yake. Hakuna cheti kisemacho kwamba ameuawa na kanuni isiyotungwa. Ndiyo maana mtawala huliogopa kosa la kutenda, na mbunifu huliona kosa la kutotenda tu. Kila mmoja anatazama kwa jicho moja.

Hata hivyo wafu hawa wa namna mbili wana udugu. Aliyegongwa akivuka barabara hakuichora barabara. Aliyengoja damu hakuichelewesha kanuni. Wote wawili walilipa deni la uamuzi wa mtu mwingine. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye mzani. Swali la kuuliza si kama nchi iende mbio au iende pole. Swali ni hili: nani atalipa tukikosea, na je, ameulizwa?

Ukiushika mzani huo, njia ya tatu huonekana, na mfano wake uko Ruiru. Katika utafiti wa kahawa uliofanywa hapo ilizaliwa aina ya mbegu iitwayo Ruiru 11, ambayo hustahimili chulebuni na kutu ya majani. Wakulima walipewa mwaka 1985, baada ya majaribio ya miaka mingi. Watafiti hawakuieneza nchi nzima mbegu wasiyoijua, wala hawakukaa wakingoja ugonjwa uishe wenyewe. Waliipanda kwanza mahali padogo, ambapo hasara yake ingeangukia shamba la majaribio na si chungu cha mkulima. Anga nalo laweza kuwa na shamba la majaribio. Mwaka 2017 Malawi, pamoja na UNICEF, ilitenga sehemu ya anga lake huko Kasungu ili droni zijaribiwe humo. Na kanuni za Kenya za mwaka 2020 zina mwelekeo wa busara hiyo: huvigawa vyombo katika mafungu matatu kwa kadiri ya hatari yake, na kwa kawaida huvizuia kupita futi 400 juu ya ardhi. Chombo cha kupima shamba hakibebeshwi mzigo wa chombo cha kubeba watu. Sheria ya namna hiyo haitangulii mbali wala haibaki nyuma. Hutembea pamoja na chombo, ikijifunza.

Atatokea wa kunipinga aseme: watu wa kawaida hawajui habari za ndege, kuwauliza ni kupoteza wakati. Namjibu kwa mfano. Thika ina shule ya wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1946. Asiyeona huijua njia kwa masikio: husikia gari lijalo, hatua za mwenzake, maji ya mfereji. Chombo kivumacho kutwa juu ya njia yake ni ukungu machoni pake. Mhandisi hodari aweza kukesha na hesabu zake asilifikirie neno hili. Mwanafunzi wa shule ile atalisema kwa pumzi moja. Kuwauliza watu, basi, si adabu tu. Ni maarifa ambayo hayapatikani penginepo. Katiba ya mwaka 2010 iliuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, na faragha miongoni mwa haki zao; anayerusha kamera juu ya ua wa mtu ameziingilia zote mbili kwa bawa moja.

Atatokea na mwingine aseme: matajiri watapaa, na maskini watabaki kusikia kelele. Huyu simpingi. Mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 490,000 mwaka 2019, na walio wengi hawatapanda ndege ya umeme wala kesho wala mtondo. Kwa hiyo haki yataka njia za anga zigawanywe kwa haja kabla ya kugawanywa kwa fedha: damu itangulie, dawa ifuate, na haraka ya mwenye mkutano ikae nyuma ya foleni kama zikaavyo haraka za wengine. Anga lisilo na foleni ya haki litakuwa barabara nyingine isiyo na daraja la kuvukia.

Turudi kwa wahenga. Nadhani methali zao hazikugombana; kila moja ilikuwa na mtu wake wa kuambiwa, nasi tumezibadilisha. Mwenye chombo hujiambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, maana humfaa. Mwenye kalamu ya serikali hujiambia kwamba haraka haraka haina baraka, maana humstarehesha. Laiti wangebadilishana! Mwenye chombo na aambiwe habari ya baraka, na mwenye kalamu aambiwe habari ya matumbo.

Ninyi vijana msomao haya, baadhi yenu mtaviunda vyombo, na baadhi mtaziandika sheria. Wengi wenu mtakaa chini mkitazama juu. Atakayeunda na atakayeandika asisahau kwamba naye, siku nyingi za maisha yake, ni mmoja wa waliokaa chini.