Kinasa Sauti na Waliokaa Kimya

Wanangu mnaokwenda vijijini kurekodi mijadala ya vikundi, msijisumbue sana kwa ajili ya wasemaji hodari. Hao watasikika tu. Kinasa sauti kiwasaidie kuwagundua wasiosikika.

Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake huko Marekani walichapisha katika jarida la Science utafiti wa watu 699, waliofanya kazi katika vikundi vya watu wawili hadi watano. Baadhi yao walivaa beji zilizopima zamu za kusema za kila mmoja. Vikundi vilivyotawaliwa na wasemaji wachache vilifanya vibaya kuliko vile ambamo watu walipokezana maneno kwa usawa. Ndiyo maana nawahimiza mpime zamu za kusema, si maneno peke yake.

Lakini mashine huhesabu kile tu kinachoifikia. Sauti husafiri kiasi cha meta 343 kwa sekunde. Maikrofoni mbili zilizoachana sentimeta 34 zinaweza kuipata sauti ileile kwa tofauti ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo programu hukisia msemaji amekaa upande gani. Sasa mfikirieni mama aliyekaa mlangoni na mtoto mgongoni. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo. Mama huyo atasema, na mashine itaandika kwamba hakusema. Basi kaeni duara, chombo kiwe katikati juu ya kitambaa, mbali na feni. Mvua ikianza kupiga bati, simamisheni mjadala.

Watu wakisema kwa pamoja, programu huchanganya sauti zao. Hapo rudieni kusikiliza kwa masikio yenu. "Mhm" ya bibi huenda ni kukubali, huenda ni kumstahi tu anayesema, na aliyekuwepo kikaoni ndiye anayeweza kutofautisha.

Kimya ndicho kigumu zaidi. Mkwe mbele ya mkwewe, kijana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: mashine itawapa sekunde 0. Nawasihi msiandike kwamba hawana maoni. Wafuateni baadaye, mmoja mmoja, chombo kimezimwa, muwaulize kwa upole.

Na kabla ya yote, ombeni ridhaa ya kila aliyepo. Akikataa mmoja, shikeni kalamu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022. Lakini hata pasingekuwa na sheria, sauti ya mtu ni yake. Msiipakie kwenye programu ya bure msiyojua inapeleka wapi mafaili.

Mkishanukuu mazungumzo yaliyorekodiwa, rudini kijijini mkawasomee wenyewe maneno yao kabla ya kuanza uchambuzi. Atakayetaka neno lake liondolewe, liondoeni siku hiyohiyo, katika nakala zote.